Dakika Arobaini za Bi Mwantumu

Idrisa amezikwa Chalinze Jumatano iliyopita baada ya swala ya adhuhuri, na mimi nimerudi nyumbani Bagamoyo na vumbi la safari bado limo kwenye mtandio wangu, sijataka kuufua. Majirani wananipa pole kwa adabu tu, hawajui ni pole ya nini. Hakuwa mume wangu, hakuwa ndugu yangu, na kwa zaidi ya miaka ishirini hatukuwahi kutumiana hata salamu. Nikiulizwa nasema alikuwa mwenzangu kazini. Si uongo. Tulifanya kazi chumba kimoja mwaka mmoja kasoro siku chache, na mwaka huo ndio ulionifanya mwanamke niliye sasa: mkali, mwenye kukagua mara tatu kabla ya kubonyeza kitu chochote, mwenye kulia jikoni akiwa peke yake. Nauandika leo kabla moyo haujapoa, maana ukishapoa nitaanza kujipendelea.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa Mzee Kondo, katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya mawe. Alikuwa fundi mitambo wa redio aliyestaafu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa amegundua jambo ambalo sisi sote tulilijua bila kulifikiria: kwamba hakuna nyumba ya pwani isiyokuwa na kaseti zinazooza ndani ya kabati. Maulidi, mawaidha, harusi, na zaidi ya yote barua. Watu wetu waliokuwa na ndugu Maskati au Unguja hawakuandika barua kwa kalamu. Walikaa mbele ya redio kaseti, wakabonyeza kile kitufe chekundu, wakasema asalaamu alaikum, kisha wakamtaja kila aliyemo ndani ya nyumba mpaka na mbuzi aliyezaa jana. Sasa waliozisema barua hizo walikuwa wamekufa au wamezeeka, na ukungu ulikuwa unazila kaseti zao. Watu walituletea zikiwa ndani ya mifuko ya rambo, sisi tukaziingiza kwenye kompyuta, tukazisafisha, tukawarudishia zikiwa kwenye CD. Nilipenda kazi ile kupita kiasi. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja kuingia, huwezi kuiharakisha, kwa hiyo nilikaa na hedfoni masikioni nikisikiliza barua za watu nisiowajua, nikacheka nao, nikalia nao. Idrisa alinicheka. Yeye alikaa meza ya pili na kifaa chake cha kulehemu, akifufua deki za kaseti za zamani, na chumba kizima kilinuka risasi iliyoyeyuka na vitumbua vya Bi Tatu, mke wa Mzee, aliyekuwa akivipika uani nyuma ya dirisha letu.

Dirisha hilo halikuwa na kioo, lilikuwa na nondo tu, na kila lililosemwa uani tulilisikia. Bi Tatu alikuwa na mashoga wawili waliokuja kila asubuhi kuchambua mchele ambao sina hakika kama ulihitaji kuchambuliwa. "Yule mtoto wa kike atakaa na mwanamume chumba kimoja mpaka lini?" mmoja aliuliza siku moja, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. Bi Tatu akamjibu, "Posa imeshakuja kwao, mwenzangu. Wewe chambua mchele." Idrisa hakuinua kichwa, lakini niliona masikio yake yamecheka. Ndivyo nilivyojua kwamba barua ya posa ya Idrisa imefika nyumbani, kupitia dirishani, saa nne ya asubuhi, mkononi nina kitumbua.

Lazima niieleze ile kompyuta, kwa sababu bila kuielewa hamtanielewa. Mzee Kondo hakupenda vipicha vya kubofya. Alitufundisha programu ya zamani ya kutunza mafaili, kioo kizima rangi ya buluu, kimegawanyika safu mbili, na ndani ya safu majina ya mafaili yamepangwa chini kwa chini. Unapita juu yake kwa vishale. Ukitaka faili fulani lifanyiwe kazi unalitia alama kwa kitufe, na jina lake linageuka njano. Ukishatia njano yote unayoyataka, unafungua orodha ya amri alizoandika Mzee mwenyewe: kuna ya kupunguza kelele, kuna ya kukata ukimya, kuna ya kuchoma CD. Unachagua, inakwenda. "Unachopeleka si faili, Sada mwanangu," alinifundisha siku ya kwanza. "Unapeleka njia. Unamwambia yule fundi wa ndani: nenda diski hii, ingia folda hii, mtafute mwenye jina hili. Yeye hana macho. Akipewa njia anakwenda, akifika anafanya alichoagizwa, harudi kukuuliza kama una hakika." Halafu akaniambia kanuni ambayo aliirudia kila wiki mpaka nikawa namuigiza akiondoka. Kama kuna mafaili yaliyotiwa njano, fundi anapelekewa njia za hayo. Kama hakuna, ndipo anapelekewa njia ya lile moja ulilosimama juu yake. "Njano kwanza," alisema akininyooshea kidole. "Na angalia chini." Chini kabisa ya safu kulikuwa na mstari mdogo unaosema ni mafaili mangapi yametiwa alama. Nilimjibu ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, kwa ile jeuri ya mtu aliyejifunza jambo upesi.

Ile amri ya kukata ukimya ilikuwa fahari yake. Watu walikuwa wanarekodi wakaenda kuswali na kaseti inazunguka, au wakasinzia, basi barua ya nusu saa ilikuwa na robo saa ya kimya. Amri ilipita ndani ya sauti, na kila mahali ilipokuta sauti imeshuka chini ya kiwango fulani ilikata. Kiwango chenyewe Mzee alikipima kwa kaseti za mawaidha, na masheikh wetu hawajui kusema polepole. Na kwa sababu diski ilikuwa ndogo, aliiandika ile amri iweke matokeo juu ya faili lile lile. La zamani halikubaki.

Sasa nimfikie Bi Mwantumu, mama yake Idrisa. Aliishi Fukayosi, analima, na sikuwahi kumwona uso kwa uso. Alikuwa amemchagulia mwanawe mke tangu zamani, binamu yake Mwajuma, na Idrisa alipokwenda kumwambia kwamba moyo wake uko kwa msichana wa Bagamoyo, wakakosana. Si ugomvi wa kupigiana kelele. Mama alinyamaza tu, akaendelea kupepeta, na Idrisa akaondoka bila kuaga, akaapa kwamba hatarudi mpaka aitwe. Aliitwa. Aliitwa mara mbili na mjomba wake, na mara zote mbili akasema wiki ijayo. Mama akafa katikati ya wiki ijayo hiyo. Baada ya maziko mjomba akamkabidhi kaseti moja. Alisema Bi Mwantumu aliomba redio kaseti siku zake za mwisho, akaamuru kitufe kibonyezwe na watu wote watoke, maana maneno yake ni ya mwanawe peke yake. Mjomba alibonyeza, akatoka, akafunga mlango.

Idrisa aliiweka kaseti ile chini ya nguo zake karibu miezi minane. Mtu asiyejua radhi ya mzazi ni kitu gani kwetu ataona ni upuuzi. Kijana mzima, fundi, anaogopa kipande cha plastiki. Lakini ndani ya kipande kile mama yake alikuwa amemsamehe au hakumsamehe, na kama hakumsamehe hakuna tena wa kumwendea kumpigia magoti. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa naiogopa, kwa sababu kosa lake kwa mama yake lilikuwa mimi. Alipoileta hatimaye kwa Mzee Kondo, utepe ulikuwa umeota ukungu mweupe pembeni. Mzee aliufuta kwa pamba na spiriti muda wote wa asubuhi, akatuambia itapita mara moja tu, ya pili isitegemewe. Idrisa akasema hawezi kukaa chumbani ikipita. Alitaka kusikiliza Ijumaa, ametoka kuswali, ametulia. Akaniambia, "Wewe ingiza, Sada. Nakuamini." Akaenda zake kunywa kahawa.

Nikavaa hedfoni, kwa sababu lazima mtu asikilize ajue kama utepe unasuguana. Jogoo aliwika. Mtu alikuwa anatwanga mahali fulani nje. Kisha sauti ya mama ikaja, ndogo sana, ya mtu aliyeishiwa pumzi, nikalazimika kuziba hedfoni kwa viganja. Alisema, "Asalaamu alaikum mwanangu Idrisa. Mimi mama yako. Usilie kwanza, nisikilize." Akakohoa kwa muda mrefu. Akamsalimia kwa jina la utotoni ambalo sitaliandika. Akasema mahindi yamekubali mwaka huu. Halafu akasema, "Na huyo Sada wako," akavuta pumzi. Nikavua hedfoni. Nikaziweka mezani, nikaangalia tu ile mistari ya kijani ya sauti kwenye kioo ikipanda na kushuka kwa dakika zote zilizobaki, mistari mifupi, ya chini. Kwa miaka yote hii, kwa wale wachache waliowahi kuniuliza, nimesema nilivua kwa adabu, kwamba maneno ya mama na mwanawe si ya kusikilizwa na mtu wa tatu. Nilikuwa na adabu gani mimi, niliyesikiliza barua za mji mzima? Nilivua kwa woga. Niliogopa sentensi ile itaishia wapi.

Dakika arobaini. Utepe ulipofika mwisho ulikuwa umeacha unga wa kahawia kwenye kichwa cha deki, na Mzee alipoushika ukakatika vipande viwili. Hakuhuzunika, kwa sababu faili lilikuwa ndani. Akaniagiza kulinakili kwenye diski ya pili pamoja na mengine mawili yaliyoingia siku hiyo. Nikayatia njano yote matatu. Kabla sijabonyeza, kipaza sauti cha msikiti kikatangaza msiba, jirani wa nyumba ya tatu, fundi cherehani aliyetushonea sote nguo za skuli. Kwetu tangazo la namna hiyo halina subiri kidogo. Ulichokishika unakiacha hapo hapo. Mzee alivaa kofia akatoka mbio, Bi Tatu akaepua sufuria, mimi nikazima kioo peke yake, maana ile kompyuta ilikuwa nzee na ikizimwa ilikuwa inagoma kuwaka. Nikajifunga kanga nikaenda msibani kukuna nazi.

Tulirudi kazini kesho yake mchana, nimechoka, macho yameniwasha kwa moshi wa kuni. Kulikuwa na mtu mlangoni anasubiri kaseti ya mawaidha aliyoahidiwa asubuhi. Nikawasha kioo. Majina ya mafaili yalikuwa mengi, hayaenei, na yale ya njano yalikuwa juu kabisa. Nikabonyeza kitufe cha kukupeleka mwisho wa orodha, yakapotea machoni, nikasimama juu ya faili la mawaidha. Nikafungua orodha ya amri, nikachagua kukata ukimya. Niliona kazi imechukua muda, nikamtania yule mteja kwamba sheikh wake ana maneno mengi. Sikuangalia chini. Yule fundi asiye na macho alikuwa amepewa njia tatu, akazifuata zote tatu, na mimi nilikuwa namimina chai.

Ijumaa Idrisa alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, amejifukiza udi. Aliketi kwenye kiti changu. Nikamwekea faili, nikasimama nyuma yake, nikashika ukingo wa kiti. Baada ya muda akasema, "Mbona jogoo?"

"Ndio mwanzo," nikamwambia. "Subiri, atasema."

Akasubiri. Nilimwona akiinamisha kichwa. Kisha akageuka, hedfoni bado masikioni, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Sada, imekwisha."

Faili lilikuwa la dakika nne. Nilinyakua hedfoni nikasikiliza. Jogoo, kinu, kikohozi. Jogoo, mlango, kikohozi, kikohozi. Kila kilichokuwa na nguvu kilibaki. Sauti ya mama ilikuwa ndogo mno, na ile amri iliihesabu kuwa ni ukimya. Hata salamu haikubaki. Mzee Kondo aliitwa, akaja na mkono una unga wa muhogo, akafungua hiki akafunga kile, akaingia mpaka kwenye matumbo ya ile kompyuta, na mwisho akanigeukia akaniuliza swali moja tu: "Uliangalia chini?" Akavua miwani, akakaa kitako sakafuni, mzee wa watu, akasema ni kosa lake aliyeandika amri isiyobakiza. Lakini hakuwa yeye aliyebonyeza.

Idrisa alingoja mpaka Mzee ametoka. Akaniuliza kwa upole, "Wewe ulisikia. Alisema nini?"

"Nilivua hedfoni."

"Lini?"

"Mwanzoni. Alikusalimia, akataja mahindi. Nikaona si vizuri kuendelea."

"Wewe?" akasema. "Unayelia na watu wa Maskati usiowajua?"

Kama ningemwambia ukweli, kwamba mama yake alifika kwenye jina langu ndipo nikavua, angefikiri nini? Tayari nilikuwa naliona wazo lile linamjia usoni, linakwenda, linarudi: kwamba nilisikia neno baya juu yangu, nikalifuta, kisha nikatunga habari ya njano na mstari wa chini. Hakulisema. Akaniuliza, "Alinipa radhi?"

"Sijui, Idrisa. Wallahi sijui."

"Bora ungenidanganya," akasema. Akaondoka na kanzu yake nyeupe, akaviacha vifaa vyake vyote mezani, hata kile cha kulehemu ambacho kilikuwa bado cha moto tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyekichomoa.

Sijui kama nimewahi kupata maumivu mengine ya kulingana na wiki zile. Nilikwenda kazini kwa sababu nilitumaini atarudi kuchukua vifaa. Uani waliendelea kuchambua mchele. "Kafuta makusudi," nilisikia siku moja, "mama wa watu kamkataa mpaka kaburini." Safari hii Bi Tatu hakumwambia mtu achambue mchele. Niliinuka nikaziba dirisha kwa kanga, lakini nyumba ya mawe bila dirisha ni tanuri, nikalifungua tena. Vifaa alikuja kuvichukua mjomba wake, na siku hiyo hiyo akapita nyumbani kwetu kuiondoa posa kwa maneno mazuri, ameketi mkekani, amekunywa na chai. Kabla ya Ramadhani Idrisa alikuwa amemwoa Mwajuma. Nilipoambiwa nilielewa mara moja, na kuelewa hakukunisaidia. Hakuwa na pa kuiomba radhi, basi alifanya lile moja alilojua mama yake alilitaka. Wakahamia Chalinze, akafungua kibanda cha kutengeneza redio, baadaye simu, pale mabasi yanaposimama. Mimi niliacha kwa Mzee Kondo baada ya hapo. Niliolewa, nikaachika, nikaolewa tena, na mume wangu huyu ni mtu mwema. Sina cha kumlalamikia, naye hanilalamikii.

Kwa hiyo nilipokwenda Chalinze wiki iliyopita nilikusudia kukaa pembeni, nile wali wa msiba, niage, nipande basi. Wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka sebuleni. Mwajuma alikuwa ameshaingia eda, yuko chumba cha ndani, pazia limeachwa wazi kidogo wapite wanaompa mkono. Nilimpa mkono wangu. Alinishika kwa mikono miwili, na sikuweza kumtazama. Niliporudi mkekani binti mmoja akaja akaketi mbele yangu, ana macho ya Idrisa, sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Poleni."

"Wewe ndiye mama Sada wa Bagamoyo?" Nikaitikia. Akageuka akawaambia wenzake, "Ndiye huyu." Halafu akanirudia. "Mimi Zuhura, wa kwanza. Baba alikuwa anatuhadithia. Alituambia bibi aliacha maneno kwenye kaseti, kaseti ikaharibika, lakini wewe uliyasikia yote. Ukamwambia kwamba bibi amempa radhi. Alikuwa akisema kila akikutaja, Mungu akulipe, maana bila wewe asingelala."

Idrisa alikuwa amejitungia mwenyewe jibu nililomnyima, akanipa mimi heshima ya kulisema, akaishi nalo miaka yote, akawalea watoto juu yake. Labda kuna siku aliliamini. Labda kila alipolisimulia alijua kabisa. Sitajua kamwe.

"Tuambie, mama," Zuhura akasema. "Tuyasikie na sisi. Alisemaje?"

Mimi ni mtu mzima, nasali, najua ushahidi wa uongo ni mzigo gani, tena juu ya maiti, tena ndani ya nyumba ya msiba. Nikaanza na niliyoyasikia kweli. Asalaamu alaikum mwanangu Idrisa, mimi mama yako, usilie kwanza, nisikilize. Nikataja kikohozi, nikalitaja lile jina la utotoni, na Zuhura akaziba mdomo kwa kanga kwa sababu alilijua. Nikataja mahindi. Nikafika pale nilipovua hedfoni, na safari hii sikusimama. Nikasema mama alimwambia, nimekuridhia duniani na akhera, nimekuridhia ulipokuja na nimekuridhia ulipokosa kuja. Nilisema mengi. Niliyasema yote ambayo kijana yule wa kanzu nyeupe alikuwa amekuja kuyasikia, na machozi yalinitoka, na watu wakadhani nalia kwa kukumbuka.

Nilipomaliza, sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya Mwajuma, ndogo, ya mtu aliyelia mpaka akakauka. "Hakumtaja mtu mwingine?"

"Hapana, dada," nikamjibu. "Alikutaja wewe tu."